Mwanga Mtupu Kando ya Jeneza

Kikopo cha filamu kina harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: kitu fulani kati ya siki, plastiki iliyoachwa juani na dawa ya nondo. Siku ya tatu baada ya kumzika baba, mama alinikabidhi bati la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akasema humo mna makorokoro ya kamera, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea kukaa na makaratasi ya kale, nitajua cha kuweka na cha kutupa. Nilifungua kikopo cha kwanza. Kabla sijaona kilichomo, nilikuwa nimekwisha kurudi katika mazishi ya Makori, uwanjani kwake, chini ya turubai la bluu, nikiwa na umri wa miaka minane, nimeshika mfuko wa ngozi na kukitumbulia macho kidirisha kidogo kilichokuwa juu ya kamera.

Waliozaliwa baada yetu hawawezi kujua jinsi picha ilivyokuwa kitu cha kubaniwa. Kwenye mazishi ya baba, mwaka huu, simu zilikuwa nyingi kuliko vitabu vya nyimbo. Kijana mmoja alirusha ile kamera ya kuruka, ikavuma juu ya migomba hata kuku wakakimbilia jikoni. Mheshimiwa wetu wa sasa alipoinuka kutoka kiti cha mbele na kunyoosha mkono apokee kipaza sauti, vijana waliosimama nyuma, wale wale ambao mwaka mzima wamekuwa wakilalamikia ushuru, bei ya unga na vyeti vya shule visivyowapa kazi, walimwambia kwa utulivu ulionishangaza, "Mheshimiwa, leo ni ya mwalimu. Keti tuzike." Aliketi. Hakuna aliyemtukana, na simu zote zilinasa namna alivyoketi. Nikawaza kwamba utotoni mwangu jambo hilo lisingetendeka, na kama lingetendeka, lisingepigwa picha, kwa maana filamu ilikuwa moja na aliyeishika alikuwa baba yangu.

Sisi watoto tulimwita Tata, kama Wagusii wanavyomwita baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na soko la Kebirigo, na kamera ilikuwa starehe yake, pengine kitu pekee maishani mwake alichokifanya bila kuagizwa na mtu. Aliinunua kwa mmisionari mzee aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao: mashine nzito ya rangi ya kijivu, yenye ngozi iliyobanduka pembeni. Alipiga picha za umande juu ya majani chai, za mikono ya mama ikichuma, za mbwa aliyelala. Kila picha aliiandikia mstari mmoja katika daftari: namba yake, saa, hali ya mawingu. Majirani walimcheka kidogo. Walisema mwalimu anamaliza filamu kwa kupiga picha majani ambayo hayatakuja kuzinunua. Lakini mtu alipofariki, mguu wa kwanza ulikuja kwetu.

Picha ya mazishi kwetu ina kazi ambayo mgeni hataitambua kwa kuitazama tu. Kabla jeneza halijateremshwa, mwongozaji wa shughuli husoma orodha: mjane na aje, watoto waje, ndugu wa tumbo moja, wakwe, wajukuu, kikundi cha akina mama, wanakwaya. Kila kundi huja, hulizunguka jeneza, hupigwa picha, huondoka. Mjane husimama upande wa kichwa, mkono juu ya kile kioo kidogo cha kumtazamia marehemu. Aliyeitwa akasimama hapo ametambuliwa mbele ya ukoo mzima. Asiyeitwa, hata kama ndiye aliyemwuguza marehemu hadi pumzi ya mwisho, kesho yake huanza kueleza yeye ni nani. Ndiyo maana orodha hiyo hubishaniwa na kamati kuliko chakula, kuliko hata jeneza lenyewe.

Makori alifariki katika miezi ya mgomo wa walimu. Serikali iliahidi nyongeza ya mshahara, kisha ikasema haikuahidi, na Tata aliisikiliza redio amesimama wima, kama mtoto anayengoja jina lake lisomwe. Mshahara ulikatika. Sukari ilitoweka nyumbani kwetu kimya kimya, tukanywa chai chungu sisi tuliozungukwa na mashamba ya chai, na mama akawa anabeba ndizi hadi sokoni ambako kila mama mwingine alikuwa amebeba ndizi. Filamu iliyokuwa ndani ya kamera ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa ya picha thelathini na sita, na Tata alikwisha kutuambia kwamba hakuna nyingine itakayoonekana mpaka mgomo uishe.

Makori alikuwa fundi cherehani. Siku za kazi alishona mjini Ogembo, na mwisho wa juma alirudi kijijini kwa mkewe, Bosibori. Homa ilimchukua Ogembo kwa ghafla. Maiti ilipoletwa, katika gari lile lile alishuka mwanamke mwembamba asiyefunga kichwa, na mvulana wa rika langu mwenye sweta ya kijani. Mwanamke aliitwa Kerubo, na mvulana ni Mose. Kwa miaka yote ya Mose, Kerubo alikuwa ameishi na Makori katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka, yeye akitia vifungo na kukunja pindo. Watu wa Ogembo walimjua kuwa ni mke wa Makori. Huku kwetu, Makori hakuwa amepeleka hata ng'ombe mmoja wa mahari kwa wazazi wa Kerubo, na kaka wa Makori, Mzee Nyangau, ambaye sasa alikuwa ndiye kichwa cha familia, alisema hamjui.

Kerubo hakuomba chakula wala mahali pa kulala. Aliomba kitu kimoja: aitwe. Hata mtoto kama mimi nilielewa kwamba katika neno hilo mlikuwa na nyumba, na mpaka wa shamba ambao siku moja Mose angeonyeshwa kuwa ni wake, na mahali ambapo Kerubo mwenyewe angezikwa. Mwanamke wa kwetu hazikwi kwa wazazi wake. Huzikwa kwa mumewe, na asiye na mume wa kutambuliwa huacha watu wakinong'onezana mwili wake upelekwe wapi.

Nyangau alikataa kwa siku nne. Asubuhi ya mazishi yalifika magari mawili ya watu wa Ogembo, mafundi na wauza nguo, wakaketi kwenye nyasi pamoja na Kerubo, na mwongozaji wa shughuli, mzee wa kanisa aliyeogopa vurugu kuliko kitu chochote, alimwendea Nyangau wakanong'ona. Nyangau aliinamisha kichwa mara moja. Jina likatiwa chini kabisa ya orodha.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa muda mrefu niliamini nililielewa. Kazi yangu ilikuwa kushika mfuko na kumsomea Tata ile namba ya kwenye kidirisha kila alipochutama, kwa sababu miwani yake ilimsumbua. Mjane, watoto, ndugu, wakwe: namba ilipanda kama kawaida. Ilipofika thelathini na mbili, mtu alikuja mbio kusema kwamba mheshimiwa wa wakati ule yuko njiani, amekwisha kupita Nyamira, na angependa kupigwa picha na familia. Tata alifuta miwani. Kikundi cha akina mama kikaitwa. Flashi ikawaka, ile taa ndogo iliyochomekwa juu ya kamera, nyuso zote zikamulikwa. Nilitazama kidirishani. Thelathini na mbili. Wanakwaya wakaja, mwanga ukawaka tena. Thelathini na mbili.

Nilifurahi hata nikakaribia kucheka mbele ya jeneza. Nilidhani Tata amegundua namna ya kupiga picha bila kutumia filamu. Katika nyumba ambamo kila kitu kilikuwa kinakwisha, mtu mmoja alikuwa amepata kitu kisichokwisha, na mtu huyo alikuwa baba yangu. Niliamua kuitunza siri hiyo, kwa kuwa niliona yeye mwenyewe anaitunza.

Kisha mwongozaji akasoma, kwa sauti ya chini kuliko aliyotumia kwa wengine, "Mama kutoka Ogembo, na mtoto."

Kerubo aliinuka. Alikuwa amefunga kitambaa cha njano chenye maua ya bluu, ambacho asubuhi na mapema hakuwa nacho. Alimshika Mose mkono, akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja upande wa kichwa, akaweka kiganja juu ya kioo. Karibu nami shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Mwone anavyoshika, utadhani aliletwa na ng'ombe." Mwenzake akamjibu kwamba labda ng'ombe bado wako njiani, wanatoka Ogembo kwa miguu. Walicheka ndani ya leso zao. Tata alichutama. Mwanga ukawaka, ukaingia machoni mwa Mose, akapepesa. Kidirisha kilisema thelathini na mbili, nami nikamsomea Tata namba hiyo kwa sauti.

Mheshimiwa alifika jeneza likiwa linakaribia kuinuliwa. Alihutubu kuhusu barabara, kuhusu mabati ya kanisa, kuhusu wapinzani wake ambao kwa maelezo yake ndio waliowafanya walimu wagome. Hatimaye alikumbuka kusema kwamba Makori aliwahi kumshonea suti. Kisha akasimama nyuma ya jeneza, watu wakasukumana kumzunguka, naye akamwambia baba yangu, "Mwalimu, tupige hapa." Tata alipiga mara nne. Thelathini na tatu, nne, tano, sita. Nikafikiri kwamba kwa wakubwa ule ufundi mpya hautoshi, yabidi kutumia ule wa zamani.

Baada ya mazishi Kerubo na Mose walibaki katika boma lile majuma kadhaa, wamepewa kibanda cha kuhifadhia mahindi. Mose alikuwa akija kwetu kucheza, na hakuchoka kutulinganisha na Ogembo. Siku moja, tulipokuwa tumekaa kwenye ukuta mfupi wa kituo cha majani chai, akazungumza kile Kiswahili cha mjini ambacho alijua kinanikera.

"Huku kwenu hata stima hakuna," alisema. "Na wewe Moraa, mikono yako inanuka majani chai mpaka Sabato kanisani."

Nilimwuliza kama ni kweli kwamba hana hata picha moja na baba yake.

Alianza kukwangua chokaa ya ukuta kwa ukucha, na sweta yake ilikuwa imefumuka kwenye kiwiko, na mimi nikaona haya kwa namna ambayo bado naikumbuka katika ngozi yangu.

"Iko," nikamwambia. "Ile ya jeneza. Niliona taa ikiwaka kwenye uso wako. Tata anayo nyumbani."

"Haki?"

"Haki ya Mungu."

Mose alikwenda kumwambia mama yake. Hapo nilikuwa nimekwisha kufanya kosa langu, na nililifanya kwa wema, jambo ambalo halijawahi kunisaidia kulisahau. Maana Nyangau alipomwambia Kerubo kwamba matanga yamekwisha na afungashe, yeye hakulia wala hakubishana. Alisema tu kwamba alisimama upande wa kichwa, kwamba aliitwa, na kwamba picha ya mwalimu itasema.

Kikao kiliitishwa Jumapili, nyumbani kwa Nyangau. Alikuwepo naibu wa chifu na wazee watano wa ukoo. Tata aliitwa, akanichukua kwa sababu mama alikuwa sokoni. Nyangau, sharti niseme, alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya shule aliyofundisha Tata, na mgomo ulikuwa bado haujaisha. Nilikaa kwenye kizingiti. Nje, mlangoni pa jiko, Bosibori alikuwa akiambua maharagwe kwenye ungo, na hakuna aliyemuuliza neno tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyangau alisema kwa upole mkubwa kwamba huyu mama anadai mwalimu anayo picha yake na marehemu. Tata alikuwa amevua kofia na kuishika mbele yake kwa mikono miwili. Alisema filamu iliingia mwanga, picha nyingi ziliungua, na hiyo imo katika zilizoungua. Naibu wa chifu hakutosheka.

"Picha tuiache," alisema. "Wewe, Mwalimu, ulimwona akiitwa au hukumwona?"

Tata aliigeuza kofia mikononi. Maharagwe yalisikika yakidondoka kwenye ungo.

"Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja," alisema, "na lingine lilikuwa ndani ya kamera. Aliye ndani ya kamera hajui nani ameitwa na nani amejipeleka."

Mzee mmoja aliguna kwa kicheko, akasema kweli huyo ni mwalimu. Wengine waliulizwa, na wengi wao walikumbuka mambo jinsi Nyangau alivyopenda yakumbukwe. Mwongozaji wa shughuli hakuwa amefika, aliumwa. Kerubo hakumtazama Tata hata mara moja. Alinitazama mimi, bila chuki, kama mtu anayetazama mahali alipoweka kitu na kukuta hakipo.

Iliamuliwa kwamba alikuwa msaidizi wa Makori katika kazi, na kwa kazi hiyo apewe cherehani.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya katikati ya mashamba ya chai. Nilingoja Tata aseme kitu, kisha nikasema mimi.

"Tata, lakini haikuungua. Namba haikusogea."

Alisimama. "Namba gani?"

"Ile ya kidirishani. Ilibaki thelathini na mbili mpaka mheshimiwa akaja. Ulipiga bila filamu."

Alikaa chini pale pale njiani, na suruali yake ya kanisani. Alinieleza polepole, kama anavyoeleza hesabu, kwamba flashi ina kitufe chake cha kujaribia, na kwamba mtu akikibonyeza taa huwaka peke yake na kamera haioni chochote. Aliogopa filamu kwisha kabla ya mheshimiwa. Watu waliona mwanga, wakaridhika, na alidhani wanakwaya na akina mama hawatadhurika kwa kukosa picha moja. Alipofika Kerubo, kidole kilikuwa kimekwisha kuzoea.

"Mwanga si picha, Moraa."

"Kwa hiyo Mose na mama yake hawamo?"

"Hawamo."

"Na mimi nilimwambia wamo."

"Basi sisi wawili tumemdanganya," alisema Tata, kisha akainuka na kujipangusa vumbi.

Jumatatu niliwaona wakiondoka. Kerubo alibeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake, na Mose alifuata nyuma akivuta gurudumu la chuma ambalo lilikuwa zito kwake. Kitambaa cha njano hakuwa nacho tena. Sikumuaga, nilijificha nyuma ya mgomba.

Mgomo uliisha. Nyangau aliendelea kuwa mwenyekiti, Tata aliendelea kufundisha, na sukari ikarudi. Picha moja ya mheshimiwa na jeneza ilitundikwa sebuleni kwetu, juu ya kalenda, kama zawadi iliyotoka kwake mwenyewe. Tata hakupiga picha tena, ya mazishi wala ya umande. Walipomfuata alisema macho yamekwisha nguvu, na macho yale yale yakaendelea kusahihisha madaftari kwa miaka mingine ishirini.

Sasa nirudi kwenye bati la biskuti. Negativu, zile kanda za kahawia ambamo cheusi huonekana cheupe, zilikuwa zimekatwa na kufungwa katika kurasa za daftari, kila moja na namba yake. Chini kabisa palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha moja kubwa. Ilikuwa ile ya sebuleni, ya mheshimiwa, kinywa wazi, mkono hewani. Lakini ile ya sebuleni ilikuwa imepunguzwa ukingo wa kushoto na waliosafisha, na hii ilisafishwa nzima. Kushoto, upande wa kichwa wa jeneza, watu waliposukumana kumzunguka mkubwa, kuna mwanamke ambaye hakusogea. Anaonekana nusu uso, kitambaa cha njano chenye maua ya bluu, kiganja juu ya kioo. Chini ya kiwiko chake kuna mvulana mwenye sweta ya kijani, naye peke yake katika umati ule hamtazami mheshimiwa. Anatazama kando kidogo ya kamera, mahali nilipokuwa nimesimama na mfuko.

Nyuma Tata ameandika: "Kerubo, mke wa Makori. Mose, mtoto wao."

Hakuna tarehe. Nimeishi kwa kupima ushahidi wa namna hii, na nimejaribu kuupima kama si wa baba yangu. Wino ni mwekundu, wa kusahihishia, na katika mgomo alizifungia kalamu hizo kabatini. Ningependa kuhitimisha kwamba aliandika baada ya shule kufunguliwa, hivyo baada ya kikao, na kwamba Jumapili ile, kofia mikononi, alikuwa bado hajaiona. Lakini kabati hufunguliwa siku yoyote. Mwanafunzi wangu akiniletea hoja hii nitamrudishia. Ninachokijua ni kwamba aliiona, aliwatambua, aliwaandika majina, na akaifunga kwa mpira wa baiskeli maisha yake yote.

Nilipomwonyesha mama, aliishika mbali na macho yake, akanirudishia. "Udongo haujakauka, Moraa," alisema. "Mwache baba yenu apumzike."

Nilimwacha kwa siku mbili. Siku ya tatu niliulizia namba ya Mose kwa mtu niliyesoma naye ambaye sasa anafundisha Ogembo. Haikuwa vigumu. Mose hutengeneza simu karibu na soko, kila mtu anamjua. Niliipiga picha ile kwa simu yangu, pande zote mbili, nikamtumia pamoja na jina langu. Alama zikageuka bluu. Niliketi nikiitazama simu kama nilivyokuwa nikitazama kidirisha kile.

Alijibu alasiri. Aliandika kwamba mama yake yu hai, miguu imemwisha nguvu, wanaishi katika chumba cha kupanga, na kila anapougua huuliza atazikwa wapi. Hakunilaumu. Kisha akaandika swali moja: "Nani mwingine ameiona?"

Nilimjibu kwamba ni mimi na mama yangu tu.

"Basi bado hatujapigwa picha," akaandika.

Kijiji chetu kina kundi la simu lililoundwa kuratibu mazishi ya baba, na bado halijavunjwa. Wamo wana wa Nyangau, na Nyangau mwenyewe kupitia simu ya mjukuu. Wamo wazee wa kanisa, walimu wastaafu, shangazi waliocheka ndani ya leso. Ujumbe wa mwisho, uliotumwa asubuhi ile, ulisema kwamba tumempoteza mwalimu mkweli kuliko wote. Niliweka picha chini ya maneno hayo. Niliandika kwamba aliyeipiga ni baba yangu, kwamba aliye upande wa kichwa ni Kerubo na aliye chini ya mkono wake ni Mose, kwamba nilikuwepo na nilisikia wakiitwa, na kwamba baba aliulizwa mbele ya wazee naye hakusema alichojua. Nilisoma mara tatu kama kuna neno lisilo la kweli. Sikuliona. Nikabonyeza.

Simu ya siku hizi hukuonyesha walioona. Majina yalianza kupanda, moja baada ya jingine, kama orodha inayosomwa chini ya turubai: wana wa Nyangau, mwanakwaya, shangazi, mjukuu wa Nyangau. Hakuna aliyeandika kitu. Mama alitoka jikoni, akaniona uso, akarudi jikoni.

Ilipita karibu saa nzima. Kisha ukaja kundini ujumbe wa sauti kutoka kwa namba ambayo sikuwa nimeiandikia jina. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee sana, akizungumza Ekegusii cha taratibu, na ilinichukua muda kutambua kwamba sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya watu.

"Ni mimi, Bosibori," ilisema. "Hicho kitambaa ni changu. Nilimfunga mimi mwenyewe asubuhi ile jikoni, kwa sababu mjane hasimami mbele ya mumewe kichwa wazi. Siku ya kuondoka alinirudishia, nami nilikipokea." Akasikika akivuta pumzi. "Mimi hawakuniuliza."

Jogoo aliwika karibu naye, na sauti ikakatika.